Mkulima na Udongo Wake: Shamba Chachu Hula Mbolea Bure

Wako wakulima wengi ambao kila mwaka hununua mbolea, huitia shambani kwa wakati wake, hupalilia vizuri, na mvua huwanyeshea ya kutosha. Hata hivyo mahindi yao huwa mafupi, majani yake huingia rangi ya zambarau, na magunia waliyoyatarajia hayapatikani. Hapo ndipo maneno huwa mengi. Mmoja husema mbegu ni mbovu. Mwingine husema mwenye duka amechanganya mbolea na mchanga. Wa tatu hukata shauri kutia mbolea maradufu mwaka ujao. Huenda katika hayo yote lisiwepo hata moja la kweli. Huenda mbegu ni njema na mbolea ni njema, ila udongo wenyewe umekuwa mchachu, na udongo mchachu huishika mbolea hata mizizi isiweze kuipata.

Uchachu huo si uchawi wala si laana ya ardhi. Ni jambo la elimu ya kemia, nalo laweza kupimwa, kuandikwa kwa tarakimu na kutibiwa. Lakini haliwezi kujulikana kwa kutazama tu. Udongo mwekundu waweza kuwa mchachu au usiwe, na mweusi vivyo hivyo. Kwa hiyo yampasa mkulima ajue kwanza maana ya uchachu, kisha ajue jinsi unavyopimwa, ndipo afungue mfuko wake.

ASIDI NA ALKALI ZIMO NYUMBANI

Neno asidi lisimtishe mtu. Vitu vyenye asidi vyajulikana na kila mtu kwa ladha yake. Ndimu ina asidi, ukwaju una asidi, na siki ina asidi. Maziwa yakikaa kibuyuni mpaka yakawa mala, uchachu wake ni asidi iliyofanywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula sukari iliyomo katika maziwa.

Kinyume cha asidi ni alkali, ambayo wataalamu huihesabu katika kundi kubwa la vitu viitwavyo besi. Alkali ina ladha chungu, nayo huteleza mkononi kama sabuni. Majivu ya kuni yana alkali, magadi yana alkali, na chokaa vilevile. Wanawake wa Kiluhya tangu zamani huchuja maji katika majivu ya makapi ya maharagwe, wakayatumia kupikia mboga za kienyeji ili zilainike. Watu wengine hutia magadi kidogo katika sufuria ya maharagwe makavu ili yaive upesi. Hao wote hawakungoja kitabu cha kemia kije kuwaambia kwamba maji ya majivu yana nguvu.

Vitu hivi viwili vikikutana, kila kimoja huvunja nguvu ya mwenzake. Asidi ikichanganywa na alkali kwa kiasi kinachotoshana, uchachu hutoweka na uchungu hutoweka, na kinachobaki ni maji na chumvi ya namna fulani. Husemwa kwamba dawa ya moto ni moto; lakini dawa ya asidi si asidi, ni besi. Tumboni mwa mtu mna asidi kali isaidiayo kusaga chakula, nayo ikipanda kifuani huunguza; ndiyo sababu mwenye kiungulia hupewa dawa yenye kuivunja nguvu. Na kwa sababu iyo hiyo udongo mchachu hutiwa chokaa.

RANGI HUTOA SIRI

Mwenye kutaka kuliona jambo hili kwa macho yake na atazame kitambaa cheupe kilichoangukiwa na mchuzi wenye manjano. Doa lake ni la rangi ya manjano. Kitambaa kikifuliwa kwa sabuni, doa hugeuka likawa jekundu, na mfuaji hudhani ameharibu nguo ya watu. Akikamulia ndimu juu yake, wekundu huondoka na rangi ya kwanza hurudi. Manjano hayakuongezeka wala hayakupungua. Yamebadilika rangi tu, kwa kuwa sabuni ina alkali na ndimu ina asidi.

Mabadiliko kama hayo yalimvuta mtaalamu Robert Boyle, aliyefanya kazi yake Uingereza. Mwaka 1664 alichapisha kitabu juu ya rangi, akaeleza kwamba maji ya maua fulani ya urujuani hugeuka mekundu yakitiwa asidi, na hugeuka ya kijani yakitiwa alkali. Karatasi ya litmasi, itumikayo mashuleni hata leo, hufanya kazi ya namna hiyo. Rangi yake hutoka katika viumbe vidogo, mfano wa kuvu, viotavyo juu ya mawe na magome ya miti. Penye asidi huwa nyekundu, penye alkali huwa buluu.

Lakini karatasi hiyo husema tu kwamba asidi ipo. Haisemi ni kiasi gani. Kwa mkulima, kiasi ndicho kitu chenyewe, maana uchachu kidogo hauidhuru mimea yake, na uchachu mwingi huiua.

SIFURI ZA SØRENSEN

Aliyefungua njia ya kujua kiasi ni Svante Arrhenius wa Sweden. Katika tasnifu yake ya mwaka 1884 alieleza kwamba vitu vingine vikiyeyuka majini hugawanyika vikawa chembe ndogo mno zenye umeme, ziitwazo ayoni. Walimu wake walimpa alama ndogo, kwa kuwa neno hilo lilikuwa geni. Lakini mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili ya kazi hiyo. Kwa maelezo yake, asidi ni kitu ambacho kikiwa majini hutoa ayoni za haidrojeni. Mwaka 1923 Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walilipanua jambo hilo: asidi ni mtoaji wa ayoni ya haidrojeni, na besi ni mpokeaji wake. Kadiri ayoni hizo zilivyo nyingi katika maji, ndivyo uchachu ulivyo mkali.

Kazi ya kuzihesabu ilikuwa na taabu moja, nayo ni wingi wa sifuri. Katika maji safi, ili kupata ayoni za haidrojeni zenye uzito wa gramu 1, huhitajiwa lita 10,000,000. Katika maji ya ndimu, gramu hiyo moja hupatikana katika lita 100 hivi. Mwaka 1909 S. P. L. Sørensen, mkuu wa kazi ya kemia katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alitoa njia fupi. Badala ya kuandika hesabu yote, zihesabiwe sifuri tu. Lita 10,000,000 zina sifuri 7, basi maji safi yana pH ya 7. Lita 100 zina sifuri 2, basi ndimu ina pH ya 2. Herufi H katika jina hilo ni ya haidrojeni.

Karani aliyezoea hesabu ataona mambo mawili hapa. La kwanza ni kwamba tarakimu ndogo maana yake ni uchachu mkubwa, kwa sababu gramu ile hupatikana katika maji machache. La pili ni kwamba kila hatua moja ni mara 10. Udongo wa pH 5 haukuuzidi udongo wa pH 6 kwa uchachu kidogo tu. Maji yake yana ayoni za haidrojeni mara 10. Na udongo wa pH 4 umeuzidi ule wa pH 6 mara 100. Mtu asiyejua hayo hudhani 5 na 6 ni majirani, kumbe kati yao pana safari ndefu.

Kipimo hiki hutumika zaidi kati ya 0 na 14. Chini ya 7 ni upande wa asidi, na juu ya 7 ni upande wa alkali. Siki iko karibu na 3, maziwa mala karibu na 4.5, na maziwa mabichi 6.6 hivi. Damu ya mtu mwenye afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45, wala mwili hauiachi itoke hapo. Maji ya Ziwa Magadi, katika kaunti ya Kajiado, yana pH ya 10 hivi, na maji ya chokaa hupita 12.

UCHACHU HUFANYA NINI SHAMBANI

Mazao mengi ya chakula hupenda udongo wenye uchachu kidogo tu. Mahindi hustawi kati ya pH 5.5 na 7, na maharagwe hupenda karibu na 6 na zaidi kidogo. pH ikishuka chini ya hapo, madhara matatu hutokea.

Dhara la kwanza ni sumu ya alumini. Madini hayo yamo kwa wingi katika udongo wa mfinyanzi. Katika pH ya 6 hulala bila kumdhuru mtu. Chini ya 5.5 huanza kuyeyuka, na chini ya 5 huyeyuka kwa wingi na kuudhuru mzizi. Ncha za mizizi huwa nene na fupi, wala haziendi chini. Mvua ikikatika siku chache tu, mmea hunyauka, ijapokuwa maji yapo chini yake kidogo.

Dhara la pili ndilo limlalo mkulima fedha zake. Mbolea ya kupandia hununuliwa hasa kwa ajili ya fosforasi, ambayo huujenga mzizi wa mmea mchanga. Katika udongo mchachu, fosforasi hushikwa na alumini na chuma ikawa kitu kigumu kisichoyeyuka. Mbolea imo shambani, lakini mmea hauioni. Ule uzambarau wa majani ya mahindi machanga mara nyingi ni dalili ya njaa ya fosforasi.

Dhara la tatu huwapata maharagwe na jamaa zake. Katika vifundo vya mizizi yake hukaa vijidudu vinavyoitwaa naitrojeni ya hewa na kuifanya chakula cha mmea. Vijidudu hivyo havipendi uchachu. Vikifa au vikidhoofika, maharagwe huwa ya rangi ya kijani hafifu, na shamba hukosa faida ambayo lingeipata bila gharama.

UCHACHU HUTOKA WAPI

Sehemu yake huletwa na mvua. Katika nchi za juu zenye mvua nyingi, kama magharibi ya Kenya na miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare, maji huosha kalsiamu na magnesiamu na kuyapeleka chini mahali mizizi isipofika. Na nafasi yake hushikwa na haidrojeni na alumini. Sehemu nyingine huletwa na mavuno yenyewe. Kila gunia litokalo shambani, na kila mzigo wa mabua upelekwao kwa ng'ombe bila samadi kurudi, hutoka na madini yale yazuiayo uchachu.

Sehemu ya tatu huletwa na mbolea zenye amonia. Vijidudu vya udongo huigeuza amonia ikawa naitreti, ambayo ni chakula chema cha mimea. Lakini katika kugeuza huko, ayoni za haidrojeni hubaki udongoni. Kwa hesabu ya wataalamu, kilo 100 za salfeti ya amonia huhitaji kama kilo 110 za chokaa ya mawe yaliyosagwa ili uchachu wake ufutwe. Maana yake gunia moja la kilo 50 huacha nyuma deni la kilo 55 za chokaa. DAP nayo huacha deni, ingawa dogo kuliko hilo. CAN huacha deni dogo zaidi, kwa sababu imechanganywa na chokaa tangu kiwandani.

Jambo hili lilionekana waziwazi huko Uingereza. Katika shamba la majaribio la Woburn, lililoanzishwa mwaka 1876, ngano na shayiri zilipandwa mahali pale pale kila mwaka katika udongo wa kichanga, na vipande vingine vya shamba vikatiwa mbolea za amonia. Miaka ya kwanza mavuno yalikuwa mazuri. Baadaye yalianza kupungua, na kufikia mwisho wa miaka ya 1890 shayiri ya vipande hivyo ilikuwa imeshindwa. Palipotiwa chokaa, mimea ilirudi. Lakini huko Rothamsted, katika shamba la ngano liitwalo Broadbalk, mbolea za amonia zilitumika tangu miaka ya 1840 bila msiba huo. Sababu ni kwamba wakulima wa kale walikuwa wamelimwagia shamba lile chokaa nyingi ya asili kabla ya majaribio kuanza mwaka 1843. Mbolea ilikuwa ya namna moja. Akiba ya udongo ndiyo iliyotofautiana. Basi asije mtu akasema mbolea za chumvichumvi ni adui. Adui ni deni lisiloandikwa wala kulipwa.

SI KILA SHAMBA CHACHU NI GONJWA

Chai, ambayo katika Kenya ilipandwa Limuru kwa mara ya kwanza mwaka 1903, hupenda pH ya 4.5 hadi 5.5 hivi. Mwenye chai akimwaga chokaa kwa kumwiga jirani yake mwenye mahindi, ataidhuru chai yake. Viazi vya Kizungu navyo huvumilia uchachu, na chokaa ikizidi, ugonjwa wa upele wa viazi hupata nguvu. Hata shamba la mahindi likitiwa chokaa kupita kiasi, zinki, chuma na manganizi hufungwa, na mmea huona njaa ya namna nyingine. Kwa hiyo haitoshi kusikia kwamba chokaa ni dawa. Dawa hupewa mgonjwa aliyepimwa.

JINSI YA KUPIMA

Chombo cha umeme cha kupimia pH kilizaliwa kwa haja ya wakulima. Mwaka 1934 Arnold Beckman wa California alikitengeneza kwa ajili ya rafiki yake, mwanakemia wa chama cha wakulima wa machungwa na malimau, aliyetaka njia nzuri ya kupima uchachu wa maji ya malimau. Siku hizi viko vyombo vidogo vya kutia mfukoni. Hivyo vyaweza kumsaidia mtu, lakini havitoshi kumwambia atie chokaa kiasi gani. Sababu yake ni hii: asidi iliyomo katika maji ya udongo ni kidogo tu, na nyingine nyingi imeshikwa na mfinyanzi na mboji. Apimaye maji peke yake ni kama mtu ahesabuye mahindi yaliyo kinuni akasahau yaliyo ghalani. Udongo wa kichanga na udongo wa mfinyanzi waweza kuwa na pH moja, na bado ule wa mfinyanzi ukahitaji chokaa nyingi zaidi. Hesabu ya ghala hufanywa maabara, kama ile ya udongo iliyoko Kabete chini ya shirika la utafiti la KALRO. Bwana Shamba huweza kumwonyesha mkulima maabara iliyo karibu naye.

Udongo wa kupeleka huko hauchukuliwi mahali pamoja. Mkulima hupita shambani kwa kwenda upande huu na upande huu, akachimba mahali 15 au 20 mpaka kina cha sentimita 20. Huziacha njia, vichuguu, mahali pa boma la zamani na mahali palipochomwa takataka, kwa maana majivu na samadi hudanganya kipimo. Udongo wote huuchanganya katika ndoo safi isiyokuwa na mbolea, akatwaa kama nusu kilo au kilo moja, akaianika kivulini, akaandika juu ya mfuko jina la shamba, tarehe, na zao analotaka kupanda. Shamba la mtelemkoni na shamba la bondeni hufungwa mbalimbali.

KUTIA CHOKAA

Chokaa ya kilimo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, kama yale ya Koru karibu na Muhoroni. Ikiwa laini kama unga hufanya kazi upesi. Ikiwa na chengachenga hukawia. Chokaa iliyochomwa ina nguvu zaidi: kilo 56 zake, au kilo 74 za ile iliyozimwa kwa maji, ni sawa na kilo 100 za mawe safi yaliyosagwa. Mkulima asiyejua tofauti hiyo aweza kununua gunia rahisi lililo ghali, au kutia kali kupita kipimo.

Chokaa hutiwa mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda, ikasambazwa sawasawa na kuchanganywa na udongo kwa jembe, kwa sababu haitembei yenyewe. Haifai kuitia pamoja na mbolea yenye amonia wala samadi mbichi, maana itaifukuza amonia ikapotea hewani. Wakati wa kuimwaga, mtu akae upande upepo utokako na ayakinge macho yake, hasa ikiwa ni ile iliyochomwa, kwa kuwa huunguza. Na mkulima asisahau kwamba chokaa si badala ya mbolea. Kazi yake ni kuifungulia mbolea mlango.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima anayeandika bei ya mbegu, siku za vibarua na magunia aliyoyavuna, na aongeze mstari mmoja: jina la shamba, tarehe, na pH yake. Baada ya miaka mitatu hivi apime tena, aitazame tarakimu ya kwanza na ya pili. Ikiwa imeshuka, atajua kwamba deni limeanza kukua, naye atalilipa kwa chokaa kabla mahindi yake hayajamdai kwa njaa.